Mistari ya Kuachiwa Viwavi

Sipendi viwavi, na bado ni wao walionipa mshahara. Kazi yangu ilikuwa kupita katika mashamba ya mahindi ya Munje na Gazi, nafunua majani machanga ya kila mche, natazama kama viwavijeshi wamo. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kulinganisha: sehemu moja ya shamba yapigwa dawa ya mwarobaini, na mistari kadhaa haiguswi kabisa. Wadudu wale watakavyo, ndipo ijulikane dawa imefanya nini.

Shamba mojawapo lilikuwa la shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ni mjane, na chakula chake chote hutoka hapo. Msimu uliotangulia viwavi walimwachia mabua matupu. Aliambiwa waziwazi: akiigusa ile mistari atatolewa katika utafiti, na mbegu na dawa za msimu ujao atazikosa. Akakubali, tena kwa dua.

Sasa, shamba lake liko kando ya njia ya kwenda kisimani, na mistari ya kuachwa ndiyo iliyoelekea njia. Kwetu mtu hapiti shambani kwa mwenziwe akanyamaza. Wanawake wakamtania, "Bibi huyu siku hizi afuga viwavi." Utani tu, lakini ulimchoma. Kwake yeye shamba chafu ni sawa na ua usiofagiliwa.

Akavumilia, mpaka aliposikia tunakuja na wageni, wakubwa wa utafiti kutoka mjini. Siku hiyo aliamka alfajiri, akajifunga leso kiunoni, akawatoa viwavi mmoja mmoja kwa kijiti katika mistari ile yote. Kila mche akautia majivu. Kisha akaingia jikoni kutupikia mahamri.

Tulipofika, mkubwa wetu alifunua mche mmoja, akafunua wa pili, akatazama majivu kidoleni. Akauliza ni nani aliyefanya vile.

"Ni mimi, mwanangu," shangazi akasema, uso umekunjuka. "Ningewapokeaje na uchafu ule?"

Nilikasirika, sifichi. Nilimvuta kando nikamwambia, "Shangazi, si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa kuigusa, nami nilitii. Lakini wageni, mwanangu?"

Mkubwa alikula mahamri, akashukuru kwa adabu zote. Tulipofika garini akaniambia shamba lile limetoka, na kwamba nimweleze mimi kwa kuwa ni wangu. Ndiyo faida ya kuajiriwa kwenu.

Nikarudi kesho yake. Baada ya shikamoo nikamweleza moja kwa moja, maana habari kama hiyo haina njia ya kuzungukia. Mbegu hakuna, dawa hakuna. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwonea huruma, na hasira nayo ilikuwa haijanitoka.

"Na hii mistari niliyoisafisha," akauliza, "mtakuja kuivuna nyinyi?"

"La, shangazi. Ni yako. Lote ni lako sasa."

"Alhamdulillahi. Basi mwaka huu nitakula. Mwakani kula yangu iko kwa Mola na kwa hao viwavi wenu."

Akasema "wenu". Nikamuaga, nikaenda shamba la jirani yake, ambako mistari iliachwa kama tulivyoagiza, na mahindi yalikuwa yameliwa vizuri kabisa.