Binti Yangu na Ardhi Iliyoganda

Kwa miaka mitano sasa binti yangu wa pekee anaishi kaskazini ya mbali, mahali ambapo chini udongo umeganda kama jiwe mwaka mzima. Kazi yake ni kupima joto la udongo huo. Wametoboa mashimo membamba yanayokwenda chini sana, na katika kila shimo wametumbukiza waya wenye vipimajoto, kimoja chini ya kingine. Nilipowaeleza majirani zangu wa Kawempe, hapa Kampala, mmoja aliniuliza kwa upole kama huko hakuna wagonjwa wa kupimwa joto.

Mimi ni dereva mstaafu wa polisi. Wazee wetu waliletwa Uganda kutoka Sudani wakiwa askari, na katika ukoo wetu kwenda mbali kikazi si jambo geni. Ila mwenye kuondoka siku zote nilikuwa mimi. Kubaki sikukujua.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akipiga simu. Mama yake alimwuliza amekula nini, nami zamu yangu ikifika nilimwuliza vipimajoto vinasemaje. Alinieleza kwamba vya juu hupanda na kushuka kufuata majira, vya chini huenda polepole mno, lakini mwaka hadi mwaka vyote vinapanda. Udongo ukikaribia kuyeyuka, namba hukaa palepale muda mrefu, kwa sababu joto lote linaishia kuyeyusha barafu iliyo ndani yake.

"Namba zikisimama, Baba, ndipo ninapoogopa," alisema.

Mama yake alifariki ghafla, Jumatano asubuhi. Kwetu maiti hangoji. Alasiri tulikuwa makaburini Bombo. Huko kwa binti yangu uwanja mdogo wa ndege ulikuwa umetitia baada ya ardhi chini yake kulainika, na ndege hazikuweza kutua. Nikashika simu juu ya kaburi ili asikie dua. Nilimsikia akiitikia "Amin" mara moja, kisha laini ikakatika.

Alifika baada ya wiki saba, amekonda, amevaa koti ambalo hakulivua mpaka tulipoingia ndani. Kesho yake tukaenda Bombo. Alisoma Fatiha, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo na kukiacha hapo. Nilidhani analia.

"Udongo una joto," alisema.

Nikamjibu kwamba jua limeupiga tangu asubuhi. Akanieleza kwamba kule kwao joto linalokifikia kipimajoto cha chini kabisa leo liliingia ardhini miaka mingi nyuma.

"Nikiisoma namba ile, Baba, nasoma siku ambazo Mama alikuwa hai."

Nilikuwa nimekusudia kumwomba abaki. Nilishapaka rangi chumba chake na kununua godoro jipya. Nikamwomba pale pale, mbele ya kaburi, jambo ambalo hadi leo naona halikuwa la haki. Alisema asiporudi kabla ya majira kugeuka, hakuna atakayezisoma nyaya zile, na pengo la mwaka mmoja haliwezi kuzibwa na mtu yeyote baadaye. Niliona uchungu. Tukarudi Kampala.

Jioni aliingia jikoni akapika gurusa, ile mikate myembamba ambayo mama yake aliitandaza kwenye chuma bila hata kuangalia. Yake ilichanika yote. Tuliila ikiwa vipande vipande, tukicheka kidogo, na nikamwambia aende.

Siku hizi Ijumaa sina wa kumwachia zamu ya kwanza. Nakaa na simu mapajani tangu natoka msikitini. Juzi alinipa habari kwamba kipimajoto cha chini kimepanda tena, kidogo tu. Nilitaka kumwuliza atakuja lini. Nikamwuliza kama theluji imeanza.

Akasema imeanza.