Babu wa Sebuleni

Juzi, katika duka la simu pale Sulimaniyah, Riyadh, niliinua macho nikaona picha ya mfalme ukutani, na mkono wangu ukapanda kifuani kabla sijauzuia.

Nilizaliwa Jeddah, Aziziya, katika nyumba ya matajiri ambamo mama yangu alikuwa mpishi na baba dereva. Sebuleni kulikuwa na picha ya mfalme wa wakati ule. Kila alasiri mama aliifuta kwa kitambaa chake maalumu, kilichonukia udi, huku akiitania: "Shikamoo, mzee." Mimi nikadhani ni babu yangu. Siku ya taifa nilivaa kijani, nikaweka mkono kifuani, nikaimba kuwashinda watoto wa madam, mke wa mwenye nyumba.

Kisha kafili wetu, yule mwenye nyumba aliyetudhamini, akafariki. Wanawe wakasema halas, imekwisha, ikama zetu, vibali vya kuishi nchini, hazitaongezwa muda. Alasiri ya kuondoka mama alilia akifunga masanduku. Mimi sikulia.

"Nyamaza, mama. Babu hatakubali tuondoke."

Alijua ninayemsema. Akachukua kile kitambaa, akaenda kuifuta picha kwa mara ya mwisho. Siku hiyo hakuiamkia.

Kwenye uwanja wa ndege picha ya babu ilikuwapo pia, kubwa kuliko mlango. Nilisimama chini yake nikimsubiri aseme neno, mpaka baba akanivuta mkono.

Sasa nimerudi kufanya kazi, nina ikama yangu mwenyewe, na najua mfalme hakuwahi kunijua. Lakini pale dukani mwenye duka aliniuliza mara mbili nataka nini, na mara zote mbili nilikuwa bado namsubiri babu.