Korona Niliyoiita Meneja

Kiwanda chetu cha mkonge hapa Muheza kinauzwa, na mchoro wa mitambo yake wa kuwaonyesha wanunuzi nimeuchora mimi, tena kwa kompyuta. Viboksi vya kila mtu sikuvitaka. Nilibuni maumbo yangu, yakapendeza. Programu ikadai kila umbo lipewe jina, jina lisiloonekana kwenye mchoro. Korona, ile mashine ya kukwangua majani, hunguruma kutwa nzima, nikaiita Meneja. Chini yake nikawaandikia mafundi maelekezo.

Juzi wanunuzi walikuja, tukaufungua mchoro kwenye kompyuta ya wageni hao. Kompyuta yao haikuyajua maumbo yangu, hayakutokea hata moja. Yalitokea maboksi, kila moja na jina lake katikati. Meneja wetu, mzee wa Kibondei asiye na haraka, akavaa miwani, akawasomea wageni kwa sauti:

"Meneja. Ikikwama, izimwe, igongwe nyundo kichwani."