Gunia Moja, Magurudumu ya Mti

Sheria ya magari yetu ya upepo niliitunga mimi, na niliyeiua ni mimi. Tanga liwe gunia moja la pareto. Magurudumu yawe ya mti, yakatwe kwenye gogo na kutobolewa kwa chuma cha moto. Kulainisha ni siagi ya ng'ombe, basi. Kwenye gari lenyewe, chuma hapana. Mwenye panga na kamba tu aweze kushindana na mtoto wa mkubwa.

Tulishindana Nyamitaba, kwenye malisho tambarare juu ya kilima, Jumapili za kiangazi baada ya misa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Upepo ulipanda kutoka bondeni, gunia likavimba, na magurudumu matatu yakalia kama nguruwe anayefungwa kamba. Wengi wetu tulikuwa vibarua wa shamba la Mzungu. Wiki nzima tuliinama tukichuma pareto. Jumapili tuliketi, upepo ukatufanyia kazi.

Kaka yangu mkubwa alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Ngoma hachezi, mpira hachezi, na wasichana walimwita mzee kabla ya wakati. Lakini juu ya gari hakuna aliyeuliza habari za mguu. Alijua kulegeza kamba ya tanga upepo ukigeuka, na alishinda miaka miwili mfululizo. Mama, asiyependa michezo, alikuja kusimama ukingoni kumtazama. Ni kwa ajili yake nilitunga sheria ile. Sikumwambia kamwe.

Mwamuzi pia nilikuwa mimi. Nilikagua kila gari, na ulimi wangu ulikuwa mkali: niliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa msumari mmoja.

Mwaka wa tatu, mtoto wa kapita, msimamizi wetu wa shamba, alikuja na gari lenye rulema, zile pete za chuma zenye vigololi ndani, zilizong'olewa kwenye lori bovu la machimbo ya Walikale. Alikuwa amezifunika kwa maganda ya mgomba. Niliziona. Hata kipofu angezijua, maana gari lake halikulia hata kidogo.

Shida ni kwamba asubuhi hiyo kapita alikuwa ameniita kwake, akanimiminia kasiksi, nikanywa kwa mrija wake mwenyewe. Kwetu, ukinywa pombe ya ndizi ya mtu, siku hiyo humwaibishi mbele za watu, yeye wala wa nyumba yake. Nilijua anachoniitia, na nilikwenda. Nilitaka kuonekana nimeketi na kapita.

"Iko sawa?" kaka aliniuliza, akiangalia yale maganda ya mgomba.

"Iko sawa," nikasema.

Alinitazama kidogo, kisha akapanda gari lake. Aliachwa nyuma mpaka watu wakacheka. Mama hakucheka, alishika njia ya nyumbani.

Jumapili iliyofuata vijana wote walitaka rulema. Magari ya mti yakawa kuni. Nilisimama kuitangaza sheria upya, wakanizomea, na walikuwa na haki. Kaka hakunizomea. Alikunja blanketi lake.

"Naenda Walikale, ku mashimo," alisema. "Nitaleta rulema tatu, nirudi."

"Kaka, na ule muguu? Ni siku mingi mu pori."

"Si ni wewe njo ulisema iko sawa?"

Hapo ndipo ningemwambia habari za kasiksi. Niliona haya. Nikambebea mzigo hadi mtoni, nikarudi.

Mvua zilipoanza, mchuuzi mmoja wa Mpofi, huko njia ya Walikale, alifika kwetu na kifurushi. Ndani mlikuwa na rulema mbili.

"Mukubwa wako alisema ya tatu atakuya nayo yeye mwenyewe," aliniambia. "Lakini udongo ulianguka mu shimo. Hawakumutoa."

Mama alizipokea zile pete, akaizungusha moja kwa kidole. Ilizunguka muda mrefu bila sauti.

"Njo hii ulisemaka iko sawa?" aliniuliza.

Nilitoka nje. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki. Kasiksi sijaionja tangu siku ile, kana kwamba inasaidia kitu.