Kidari cha Mama Mkwe na Mashine ya Slesi

Wifi yangu ndiye aliyenichagulia mashine. Naanza na hilo kwa sababu baadaye alijifanya hahusiki, mbele ya watu, na mimi sijalisahau.

Tulikwenda pamoja mjini Moshi, kwenye duka moja la vyombo jirani na soko. Mwenye duka akatutolea mashine mbili za umeme za kukata slesi. Moja ya plastiki, nyepesi, kisu chake kina meno kama msumeno. Nyingine ya chuma, nzito, kisu cha duara kisicho na meno, na kidude cha kuzungusha unapotaka kuchagua unene. Mimi nilishaikumbatia ile ya plastiki. Wifi akanivuta mkono. "Aisee wifi, usijiaibishe. Hiyo ni ya mkate. Chukua ya chuma, Desemba umkatie Mama kidari chake, meno yenyewe yameshamwisha." Nikacheka. Nikasema moyoni, huyu kweli ananitakia mema.

Lazima nieleze habari ya kidari. Kwenye ukoo nilioolewa, huko Marangu, mbuzi wa Desemba akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha Mama. Wanaume wanakichoma, kinapelekwa chumbani kwake, na wanaoitwa ndani ni wachache. Humo ndimo anapomkatia ncha ya kidari yule mkwe atakayemwachia jiko. Miaka tisa mimi nilikuwa nje nakoroga mtori, nasikia vicheko vya ndani. Sikuwahi kuona kinavyokatwa. Mwaka huo Mama akanipigia simu mwenyewe: "Mwanangu, safari hii utaingia." Nililia, sioni aibu kusema. Mimi nimezaliwa Sanya Juu, nimelelewa nyumba za watu, sijawahi kuwa na mahali pa kusema hapa ni kwangu.

Sasa, jiko hilo lilikuwa mikononi mwa wifi. Ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani, akawa ndiye anayempikia Mama. Mimi mjinga hata sikuliwaza hilo. Nilimpigia yeye huyo huyo kumuuliza kidari kinapelekwaje. Akaniambia, "Kata nyembamba, panga kwenye sahani, ingia nacho. Mama atafurahi mpaka umshangae."

Siku ilipofika nikakipokea kidari kutoka kwa wanaume, nikakitoa mifupa, nikakiweka kwenye friza kigande kidogo. Nyama ya moto kwenye mashine ile inararuka ovyo. Hilo nilijifunza nyumbani mjini, baada ya kuwalisha watoto makombo wiki nzima. Wifi akanichomekea waya, akawasha swichi kwa mkono wake. Nikasukuma nyama kwa kile kishikio chake, si kwa vidole. Mashine ikanguruma, slesi zikaanguka moja moja, zote sawasawa. Haki ya Mungu zilipendeza. Nikazipanga duara kwenye sahani nyeupe, nikafunika.

Nikaingia. "Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu."

Akafunua. Mama wakubwa wawili wa mume wangu wakatazamana. Mbele ya Mama limetandikwa jani la mgomba, na mapajani ana kisu chake kidogo, kimenolewa mpaka kimekonda. Nikaelewa hapo hapo. Kidari huingia kizima, na anayekikata ni yeye.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alizichukua zile slesi akaanza kuzipanga juu ya jani, moja juu ya nyingine, akijaribu kulirudisha umbo la kidari. Zikawa zinateleza. Akaanza tena, zikateleza tena. Mwisho akaacha, akafuta vidole kwenye kanga.

"Ncha yako ilikuwa humu," akasema. "Sasa siijui ni ipi."

"Mama, mimi niliambiwa..." Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Na nani? Mimi?" akasema. "Jamani wifi! Si nilikuambia usikiguse? Wewe na mashine zako za mjini."

Loo! Mtu anakutazama usoni hivyo, macho makavu! Nilitaka kumrukia. Lakini chumba kizima kilishamwamini. Yeye ni damu yao, na aliyeingia na sahani ni mimi. Nikanyamaza. Mpaka leo najichukia kwa kule kunyamaza.

Kule mlimani ukimkosea mkubwa unampelekea jani la isale, na akilipokea amekusamehe. Nikatoka kwenda kwenye ua wa masale unaozunguka kihamba, shamba la nyumbani. Machozi yalikuwa yamenijaa, nashindwa hata kuchagua jani. Nikasikia hatua nyuma yangu. Wifi. Akanipita, akapekuapekua, akachuma moja refu lisilo na doa, akalifunga fundo vizuri kama linavyotakiwa.

"Shika hili, wifi," akasema, kwa sauti ya upole ile ile ya dukani. "Hili Mama hawezi kulikataa."

Nikalishika. Ndiyo, nililishika. Nikaenda nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa kosa lake, kwa jani alilonichumia yeye. Mama akalipokea, akaniwekea mkono kichwani, akasema yamekwisha. Kisha akamwita wifi, akamwambia, "Nenda jikoni kwako ukapakue, watu wana njaa."