Karatasi Tatu Zilizobaki Kofiani

Biasha amekuwa mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, miaka kumi na moja katika diko moja la wavuvi kusini mwa Msambweni. Miaka yote hiyo amekaanga samaki juani, mafuta yakimrukia mbele na jua likimkaanga mgongoni. Shule aliiacha darasa la saba, lakini hesabu hazikumwacha yeye. Kwa hivyo banda jipya lilipoezekwa, lenye meko mawili tu kivulini, hakutaka kuombewa dua. Alitaka jiko.

Mama karanga walikuwa kumi. Mwenyekiti wa diko, Mzee Matano, alikunja karatasi kumi, mbili akazichora samaki, akazitia zote kofiani mwake. Wangevuta kwa umri, kama ilivyo desturi, wakubwa kwanza, na karatasi ikishatoka hairudi. Biasha akawa wa nane. Nyuma yake walikuwa Jumwa na Zainabu.

"Sisi tutaachiwa jasho la kofia," Jumwa alinong'ona.

Wa kwanza akatoa tupu. Wa pili tupu. Wa tatu naye tupu. Biasha akaacha kununa, akaanza kuhesabu kwa vidole ndani ya leso. Mwanzo zilikuwa mbili kwa kumi. Sasa mbili kwa saba. Kila mkubwa aliyeondoka akisonya alikuwa akimsogezea kivuli. Wa nne, wa tano na wa sita nao tupu. Wa saba alikuwa Warda, shemeji yake Matano, ambaye sufuria zake zilikwisha kuhamia bandani tangu asubuhi. Tupu.

Kofiani zikabaki tatu, mbili zina samaki.

Matano akakohoa. "Kura hii imeingia nuksi. Rudisheni karatasi zote, tuchanganye upya. Haki kwa wote."

"Shikamoo yako nilikupa asubuhi, Mzee Matano, sasa nipe sikio," Biasha alisema. "Hapa nina mbili kwa tatu. Ukizirudisha hizo saba, naanguka hadi mbili kwa kumi. Huko si kuchanganya, ni kuniibia mchana kweupe."

"Kura ni bahati, mwanangu. Haina hesabu."

"Sita wametoka tupu, nuksi hukuiona. Imemfika shemeji, ndiyo umeiona?"

"Domo hilo ndilo linalounguza samaki," Warda alisema.

"Na sufuria zako zilivuta kura lini?"

Watu wakacheka. Biasha akatia mkono kofiani kabla kicheko hakijaisha, akafungua karatasi.

Tupu.

Matano akatabasamu taratibu. "Haya, sasa nawe huna. Turudie? Utazipata tena mbili zako kwa kumi."

Alikuwa anasema kweli, na Biasha aliijua hesabu hiyo. Wakiendelea, hana kitu. Wakirudia, ana tumaini. Lakini zile mbili za kofiani zilikuwa na samaki zote, na wavutaji waliobaki walikuwa wawili.

Akaichana karatasi yake vipande vipande.

"Jumwa, Zainabu, njooni mchukue meko yenu," akasema. "Hapa hapana kura tena."