Mwongeli haui kazi ya mtu aliyekwenda kuswali

Ni Ijumaa adhuhuri, sala imeanza, na skrini zote katika saiba ya Mwongeli Ndeti mjini Ukunda zimeganda kwa pamoja.

Chumba hiki cha kukodisha kompyuta kina feni moja, nayo inapulizia kompyuta, si watu. Kompyuta yenyewe ni moja tu, kuukuu. Skrini zote za wateja zimeunganishwa nayo. Mmoja akiilemea, wote wanakwama.

Kache Chome, binti wa Kinango, anaomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Maombi yanafungwa saa nane.

“Mama, fomu yangu imesimama,” anasema. “Na mwaka jana nilichelewa.”

Mwongeli anafungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, anaandika amri fupi, ps. Mistari inashuka. Kila kazi inayoendelea ndani ya kompyuta ina namba yake, jina la aliyeianzisha na nguvu inayokula.

“Ni Suleiman,” anasema. “Amejipakulia sinia zima.”

Suleiman hupiga video za arusi. Ameacha video ya arusi iliyofanyika kijijini Jego ikitayarishwa, akaenda msikitini. Simu ameizima.

“Iue basi,” anasema Fondo, dereva wa tuk-tuk anayesubiri kuchapishiwa karatasi. “Akija ataanza upya.”

“Imeanza tangu asubuhi, na wenyewe wanaijia jioni. Wewe utoke kuswali ukute tuk-tuk yako imevunjwa vipuri, utacheka?”



Mwongeli amezaliwa Shimba Hills, kwa wazazi waliotoka Ukambani kutafuta shamba. Alikuwa akifagia ofisi za hoteli moja ya Diani, na fundi wa huko akamwonyesha kazi ya kompyuta. Hoteli ilipofungwa, wenzake waligombea magodoro. Yeye aliomba mashine hii. Akishalipa kodi hubaki na pesa ya unga. Nyama husubiri sikukuu.

Sasa anaandika amri nyingine, pamoja na namba ya kazi ya Suleiman.

“Sijaiua,” anasema. “Nimeiambia isimame hapo ilipo.”

Skrini zinaamka. Kache anajaza sehemu iliyobaki, anasoma jina lake mara mbili, anabonyeza. Jibu linatokea: maombi yamepokewa. Anaiinamia meza, uso mikononi.

Suleiman anarudi, kofia ingali kichwani.

“Bi Mwongeli, mbona arusi yangu imelala?”

“Ilikuwa inampisha nesi.”

Suleiman anamtazama Kache. “Nesi mwenyewe huyu? Basi haya. Nikija kudungwa sindano, unikumbuke.”

Mwongeli anaiamuru kazi iendelee, nayo inaendelea palepale ilipoachia.

Anachotaka ni kompyuta ya pili, ya watu wa video peke yao. Ameanza kuulizia katika hoteli zinazobadilisha vifaa.

“Huyu binti atarudi hapa kuangalia kama ameitwa chuoni,” anasema. “Siku hiyo sitaki akute skrini imeganda.”